Mwizi wa Maji ya Bondeni

Robota la mitumba likifunguliwa pale soko la Toi, adabu huwekwa kando. Wanawake huingia kwa viwiko, wanaume kwa mabega, na mwenye mali hupanda juu ya meza akitangaza bei kana kwamba soko zima lina uziwi. Katika fujo hiyo, asubuhi moja ya Jumamosi, mikono miwili ilishika gauni moja la manjano na hakuna uliokubali kuachilia.

Mkono mmoja ulikuwa wa Nzembi, binti wa Kawangware, mwenye nywele fupi na subira fupi kuliko hizo nywele. Wa pili ulikuwa wa Benard Amolo wa mtaa wa Gatwekera, kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi kwenye kola. Kwenda Toi na shati jeupe ni kiburi. Nzembi alikiona kiburi hicho mara moja, akakipenda, kisha akakasirika kwamba amekipenda.

"Madam, achilia. Mimi ndio nimeshika kwanza."

"Kwani unavaa magauni?"

Waliokuwa karibu walicheka. Amolo hakuachilia.

"Ni ya mathe. Kesho anaimba kwaya, anataka kitu ya kung'ara."

"Mathe wako ni saizi gani?"

Amolo alionyesha upana kwa mkono wake uliokuwa huru, na mkono haukutosha. Nzembi alilitazama gauni, akamtazama yeye.

"Sasa hii ataivalia wapi, kwa kidole? Ngoja hapo."

Alizama ndani ya lile rundo, akatoka na gauni la zambarau lenye maua makubwa na kiuno cha kupumua. Akalitupa begani kwa Amolo na kulivuta lile la manjano kwake.

"Umenicheza," Amolo alisema.

"Nimekuokoa. Mama yako angekulaani mbele ya kwaya yote."

"Basi nipe namba yako. Akikataa, lazima nijue nitalalamika wapi."

Mama hakukataa. Alilivaa gauni, akaimba, akaulizwa na wenzake amelipata wapi. Amolo alipiga simu hata hivyo.

"Hello, hapo ni kwa malalamiko?"

"Tumefunga. Jaribu kesho."

"Mathe anasema aliyechagua hiyo nguo ana macho. Mimi pia nasema ana macho. Tofauti ni kwamba mathe hajayaona."

Nzembi alicheka hadi dada yake Kasiva, aliyekuwa akimsuka mteja katika saluni yake ya Gatina kule Kawangware, akageuka kumtazama. Kasiva ndiye aliyemlea tangu mama yao arudi Kitui, na kicheko cha namna ile alikijua. Alikaza msuko mpaka mteja akapiga yowe.

Simu ziliendelea. Amolo alimtania kwamba Wakamba hula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, kwa sababu hawajaonjeshwa omena, naye Nzembi akamjibu kwamba omena ni samaki walioacha shule. Walikutana wakala mahindi ya kuchoma. Walitembea kutoka Gatwekera hadi maduka ya Adams wakibishana njia nzima, na walipofika walirudi tena ili wamalize ubishi. Amolo alipomshika mkono kwa mara ya kwanza ilikuwa mbele ya watu, mchana, naye alitazama huku na huku akitafuta atakayesema kitu. Hakuna aliyesema kitu.

Siku moja Amolo alimuuliza Nzembi kazi yake hasa ni ipi.

"Nasomea digrii ya pili. Tunachunguza vile watu huishi pamoja, kwa kutumia gemu ya kompyuta. Daktari wangu wa chuo anatafuta chumba kimoja huku na kingine Kawangware."

"Gemu? Sisi tuko na chumba ya gemu."

Hakuwa anatia chumvi. Amolo na wenzake walikuwa na kikundi kilichoitwa Vijana wa Tangi. Walilinda tangi kubwa la maji, wakasafisha vyoo vya ploti, na kando ya tangi walikuwa na chumba cha mabati chenye skrini nne ambapo vijana walicheza mpira wa kompyuta kutoka asubuhi. Maamuzi yote ya kikundi yalifanywa hapo chini ya tangi, kwa mikono kuinuliwa, na mkono ukishainuliwa haukushushwa.

"Na kwa hiyo gemu yenu mnapiga nani?"

"Hakuna kupigana."

"Sasa inaitwaje gemu?"

"Sikiza. Inaitwa Bonde. Wachezaji wanane, chemchemi moja. Kila mtu ana shamba. Ukichota sana, shamba lako linanona lakini chemchemi inakauka. Mkichota kidogo kidogo, wote mnaishi. Alasiri moja ni maisha ya mtu. Kesho yake mnarudi kama wajukuu, mnakuta maji yaliyobaki na sheria mlizoachiwa na mababu. Daktari anataka kuona vile binadamu walijifunza kuishi pamoja bila kumalizana. Hawezi kungoja miaka elfu."

"Angekuja tu Gatwekera. Tuko hapa tumebanana na hatujamalizana bado."

Hivyo ndivyo utafiti ulivyoingia Gatwekera. Kulikuwa na sharti kwamba msaidizi wa utafiti asiwe na uhusiano na mchezaji yeyote. Nzembi alilisoma sharti hilo, akatia sahihi, akanyamaza. Nani angemnyang'anya Amolo kwa sababu ya karatasi?

Jambo la pili alilonyamazia lilikuwa zito zaidi.

Dakta Mbithi, mkuu wa utafiti, alikuwa mtu mpole mwenye miwani na sweta, anayependa kazi yake kuliko chakula. Aliamini kwamba huwezi kujua kijiji kina tabia gani mpaka kipate mwizi. Kwa hiyo katika kila kijiji cha Bonde alipandikiza mmoja. Wachezaji walipewa majina ya ndege ili wasijuane, wanne wakicheza Gatwekera na wengine Kawangware. Amolo aliitwa Jogoo. Khaemba, rafiki yake wa tangu utotoni aliyeuza maji kwa mkokoteni, aliitwa Bata. Na huko Kawangware, wote waliambiwa, yupo mchezaji mmoja anaitwa Kanga.

Hakuwepo. Kanga alikuwa Nzembi mwenyewe, aliyekaa mlangoni pa kile chumba cha mabati na kompyuta mapajani, akijifanya msimamizi. Kila alasiri, wengine wakichota kidogo, Kanga alichota hadi kufurika. Aliagizwa aibe kila siku na asijibu ujumbe wowote.

Siku za kwanza aliona ni kazi kama kazi nyingine. Kijiji kilipogundua wizi, ujumbe ulimiminika kwenye skrini. Afukuzwe. Achomewe shamba. Wengi walitaka kura ipigwe. Ila kila siku Jogoo aliwazuia.

"Ngojeni," Jogoo aliandika. "Kanga, hebu sema shida ni nini. Mtu haibi bure."

Kanga hakujibu.

"Kanga, chukua sehemu yangu ya leo. Lakini sema."

Nzembi aliinua macho juu ya kompyuta. Amolo alikuwa ameinama mbele ya skrini, mikono ya shati imekunjwa, anangoja jibu la mtu aliyekaa hatua chache tu nyuma yake. Alimwona anavyotikisa kichwa taratibu, kisha anagawa maji yake kwa mwizi. Alimpenda kwa nguvu iliyomwogopesha, na aliiba tena, kwa sababu ndiyo kazi.

Jioni Amolo alimpigia.

"Babe, kuna msee kwa ile gemu ananisumbua akili. Anatuibia kila siku na hasemi kitu."

"Ni gemu tu, Beno."

"Najua. Lakini pia huko ndani ni mtu. Ama?"

"Ni mtu," Nzembi alisema.

"Basi iko kitu. Nitamwongelesha mpaka aseme. By the way, Alhamisi usinitafute. Ni siku ya maji. Huku kwetu bomba linafunguliwa Alhamisi pekee, usipochota kama mwendawazimu unakaa wiki nzima ukitazama mitungi."

Wiki iliyofuata Jogoo alikuwa peke yake kijijini. Wenzake walimwita mjinga, wakamwita mshirika wa mwizi. Akaandika tena: "Kanga, hii ndio mara ya mwisho naweza kukutetea. Tafadhali. Hata neno moja."

Nzembi alimwona akisugua uso kwa viganja. Akasahau agizo. Vidole vyake viliandika vyenyewe, na viliandika kitu cha kwanza alichokuwa nacho moyoni, ambacho kilikuwa maneno ya Amolo mwenyewe.

"Nisamehe, Jogoo," Kanga aliandika. "Mtu akizoea maji ya Alhamisi pekee, huchota kama mwendawazimu."

Kisha Amolo akageuka polepole kwenye kiti, akawatazama wenzake watatu, mmoja baada ya mwingine. Nzembi alidhani ameguswa. Kumbe kule Kawangware maji hutoka siku nyingine kabisa, na kila aliyekuwa mle ndani alijua Alhamisi ni siku ya nani.

Siku mbili baadaye kiti cha Khaemba kilikuwa kitupu.

"Yuko na shughuli," Amolo alisema, na sauti yake haikutaka kuulizwa zaidi. Siku hizo Amolo alikuwa mkavu, akicheka kidogo, akipiga simu fupi. Nzembi alidhani amechoka. Aliandika kwenye ripoti kwamba mchezaji mmoja amejiondoa.

Wiki ilikatika. Kisha, akitoka sokoni Kawangware na mboga mkononi, alimwona Khaemba karibu na stendi, anavuta mkokoteni wa kuazima, miguu imejaa matope, shati limechanika kwapani.

"Khaemba! Umehamia huku?"

"Nilihamishwa."

"Na nani?"

"Si ni wewe na gemu yako." Akaweka mkokoteni chini. "Walisema mimi ndio Kanga. Eti ni mtu wa Gatwekera, juu ya ile maneno ya Alhamisi. Na nani hujaza mitungi mob, kushinda wote, siku ya Alhamisi? Khaemba. Nikasema sio mimi, mimi ni Bata. Wakasema hata Kanga hakuwa anakubali. Wakaniita chini ya tangi, watu wakainua mkono. Unatoka kwa kikundi, unatoka kwa ile nyumba ya kikundi nilikuwa nalala, na maji yao huwezi uza. Tangu nikiwa mdogo niko pale, Nzembi. Sasa nalala kwa sista yangu na watoto wake, na huku hakuna mtu ananijua."

"Na Amolo alisema nini?"

Khaemba alicheka bila furaha. "Amolo ndio aliinua mkono kwanza."

Mboga zilimdondoka Nzembi. Hakuziokota.

Alikwenda moja kwa moja hadi ofisini kwa Dakta Mbithi, ambaye hata Jumapili hakosi kazini, na matope ya Kawangware kwenye viatu. Alimweleza yote, hata lile la kumpenda Amolo. Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Umekosea, na umekosea sana. Lakini hebu ona kilichotokea. Sheria ya kijiji cha kompyuta imevuka ikaingia katika kijiji cha kweli. Hakuna mtu amewahi kuona hivyo."

"Daktari, huyo ni mtu. Amefukuzwa kwao."

"Atarudi. Tukimaliza tutawaeleza wote, ndivyo taratibu zinavyosema. Zimebaki wiki chache. Ukisema sasa, vijiji vyote vitajua kuna mwizi wa kupandwa, na kazi ya miaka itakuwa bure. Na wewe huwezi kubaki. Digrii, ufadhili, vyote. Si mimi ninayekutisha, ndivyo ilivyo."

Hakuwa anamtisha. Alikuwa anasema kweli kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma Nzembi.

"Miaka yote umetafuta vile watu huanza kuishi pamoja," alisema akisimama. "Na mtu akifukuzwa mbele yako unataka kuandika tu. Mimi siandiki."

"Nzembi, fikiria."

"Nimefikiria nikitembea. Na nilikuja kwa miguu."

Kilichomwogopesha njia nzima hadi Gatwekera hakikuwa digrii. Alijua akifungua kinywa atampoteza Amolo. Mwanamume aliyempigania mwizi siku zote hizo, akigundua mwizi alikuwa anambusu jioni, angebaki na nini cha kumpa? Alilijua hilo. Alikwenda.

Vijana wa Tangi walikuwa wamekaa chini ya tangi lao, alasiri ya Jumapili, wengine bado na nguo za kanisani. Amolo alimwona kwanza akatabasamu, tabasamu la kwanza tangu Khaemba aondoke, na Nzembi alilitazama vizuri kwa sababu hakujua kama ataliona tena.

"Kanga ni mimi," alisema. Hakusalimia. "Hakuna Kanga Kawangware. Niliwekwa niwaibie ili ionekane mtafanya nini. Khaemba hajawahi kuiba hata tone."

Mtu mmoja alitukana. Mwingine akacheka akidhani ni mzaha. Amolo alisimama.

"Wewe?"

"Mimi."

"Ukikaa pale kwa mlango. Ukiniangalia."

"Ndiyo."

"Na jioni nikikupigia, nikikuambia hiyo stori yote, ulikuwa unaandika?"

"Sijawahi andika simu zako, Beno."

"Lakini Alhamisi yangu uliandika!" Sauti yake ilipasuka. "Nilikuongelesha kama mtu wangu. Ukachukua maneno ya mdomo wangu ukanirudishia nayo. Unajua vile nilikuwa nakaa? Wasee wote wananicheka, nasema hapana, huyu Kanga ana shida. Kumbe shida ni mimi. Ulikuwa unanipenda ama unanipima?"

Nzembi angeweza kulia, na machozi yangemsaidia. Hakulia.

"Nilikuwa nakupima. Kila siku. Na nikitoka hapo nilikuwa nakupenda. Zote mbili ni kweli na sitakata moja ndio ufurahi."

"Toka."

"Natoka. Lakini kabla sijatoka, nikwambie. Mimi nimeiba maji ya kompyuta, maji hayako popote. Wewe umefukuza mtu wa nyama na damu. Mtu ulikua naye. Kanga ulimuuliza shida yake kila siku, Khaemba ulimuuliza mara ngapi?"

Nzembi aligeuka na kuondoka, mgongo umenyooka, na alipofika mahali ambapo hawangemwona alikaa juu ya jiwe kando ya kioski na kulia kama mtoto, hadi mama mwenye kioski akamletea maji ya kunawa bila kumuuliza.

Siku iliyofuata alipiga simu. Haikushikwa. Alipiga tena jioni, ikakatwa. Baada ya hapo hakupiga.

"Umefanya vizuri," Kasiva alisema, akipanga chupa za mafuta ya nywele. "Umepoteza masomo juu ya mwanaume, na huyo mwanaume hata simu hashiki. Mbaki hivyo."

"Sikupoteza juu ya mwanaume. Nimeacha juu ya Khaemba."

"Khaemba ni nani yako?"

"Si mtu wangu."

"Si basi ungemwacha?"

"Ndio maana, dada."

Kasiva alimtazama kama anayetazama mtu mwenye homa. Nzembi alichukua ufagio akaanza kufagia nywele sakafuni. Kila simu ya mteja yeyote ilipolia aligeuka, na kila mara alijichukia kwa kugeuka. Alimkosa. Alikosa ubishi wake, mashati yake, namna alivyosema jina lake kwa kuvuta sauti mwanzoni. Lakini kila alipofikiria kumwandikia kwamba yeye ndiye aliyekosa zaidi, mkono ulikataa. Alikuwa ameomba msamaha kwa kusimama mbele ya kikundi kizima. Mara ya pili ingekuwa kujidanganya.

Ilikuwa saluni, kama kawaida, iliyoleta habari. Mteja mmoja aliingia na kukaa, akajifunika taulo, akasema, "Hapa Kawangware kumeingia vituko. Kuna Mjaluo mmoja mrefu anavuta mkokoteni wa maji na shati jeupe. Jeupe! Na hajui njia. Jana alimwaga mitungi yote pale kwa kona."

Ufagio ulisimama.

"Peke yake?" Nzembi aliuliza.

"Hapana. Kuna mwingine anatembea nyuma yake mikono mifukoni, anamwambia tu kulia, kushoto. Kama mwalimu."

Nzembi aliufuta uso kwa kitambaa cha wateja na kutoka. Kasiva alimwita, hakugeuka.

Aliwakuta karibu na soko. Mvua ilikuwa imenyesha na barabara ilikuwa matope matupu. Amolo alikuwa ameshika mikono ya mkokoteni, ameinama, mitungi ya njano imepangwa nyuma yake, na lile shati sasa lilikuwa na rangi ya barabara. Khaemba alikuwa nyuma, kweli mikono mifukoni.

"Vuta, buda," Khaemba alikuwa akisema. "Mama Hope anangoja maji."

Amolo alimwona Nzembi akasimama. Mkokoteni ukaanza kurudi nyuma na Khaemba akauzuia kwa mguu.

"Hii ni nini?" Nzembi aliuliza.

"Ni kazi," Amolo alisema, akihema.

"Alikuja kuomba msamaha," Khaemba alisema. "Nikamwambia msamaha wa mdomo nimeshiba. Avute mkokoteni yangu hapa ugenini ndio ajue vile inakuwaga ukiwa haujuani na mtu. Nilidhani atavuta siku moja atoroke."

"Na?"

"Na hajatoroka. Wanataka nirudi. Walishaita watu chini ya tangi wakasema walikosea. Nitarudi. Lakini nitarudi nikitaka, sio wakitaka." Alisema hivyo na kidevu juu, kisha akauvuta mkokoteni kando ya barabara, akaketi juu ya mtungi, akawapa mgongo. Kwa mtu aliyekuwa akitazama mbali, alikuwa na masikio yaliyosimama sana.

Amolo alijaribu kujipangusa matope akayapaka zaidi.

"Mbona hukunipigia?" Nzembi aliuliza.

"Ningekwambia nini? Kwamba uko sawa? Nilikuwa na hasira na wewe, bado niko nayo kidogo. Lakini nikilala naona mkono wangu ukiinuka. Sikumuuliza, Nzembi. Mtu wangu. Nilikasirika juu nilijiona mjinga, basi. Nikasema wacha kwanza nimalizane na Khaemba, ndio nikija kwako nisije kama mtu ametumwa na wewe."

"Nilikupigia mara mbili."

"Niliona. Nilikuwa nimeshika simu nikiangalia jina lako mpaka inyamaze."

"Moja ulikata."

"Ya kukata ilikuwa hasira."

Nzembi alitaka kucheka, akajizuia. "Mimi sitaomba msamaha tena, Amolo. Niliomba."

"Sijakuomba uombe."

"Na nilikupima, ni kweli. Huwezi kuniambia kila tukikosana kwamba nilikupima."

"Nitakwambia tu. Nitakuwa nakutania nayo mpaka uzeeke." Alimsogelea. "Lakini nijibu kitu moja, ya ukweli. Ile siku Kanga alijibu. Haikuwa kazi, ama?"

"Ilikuwa kinyume cha kazi. Nilikuona umejishika uso hivi, nikashindwa."

"Basi hata huko ndani," Amolo alisema taratibu, "ulinijibu."

Simu ya Nzembi ililia. Alilitazama jina, akaipokea palepale katikati ya watu.

"Ndiyo, Daktari... Ndiyo, nakusikia." Amolo alimwona akisimama wima. "Kwa hiyo niandike ni mtambo uliharibika, Kanga akajibu peke yake. Halafu nirudi kazini... Nashukuru, najua umenipigania. Lakini hapana. Kanga hakuharibika. Andika ni mimi, andika na jina langu, na uandike kulikuwa na mtu anaitwa Khaemba. La sivyo, nitaandika mimi... Asante. Salimia nyumbani."

Akaizima simu. Amolo akaishika mikono yake yote miwili, na matope yake.

"Sasa hauna kazi," alisema.

"Sina."

"Na mimi kwa sasa ni punda wa Khaemba."

"Bila malipo!" Khaemba alipaza sauti bila kugeuka.

"Nilikuwa nimepanga kungoja," Amolo alisema. "Nijipange, ninunue suti, nije kwenu na wazee. Lakini ukweli ni kwamba nitachoka kungoja. Nzembi, nataka kukuoa. Wakwenu watasema Mjaluo, wangu watasema Mkamba, na wote watasema hatuna kitu."

"Wacha waseme. Wamezoea."

"Hiyo ni ndiyo?"

"Uliza vizuri, hapa, watu wakisikia. Sitaki siku moja useme nilikusukuma."

Akauliza vizuri. Hakupiga goti, kwa sababu ya matope, na kwa sababu Nzembi alimwambia asithubutu. Aliuliza kwa sauti iliyomfanya muuza nyanya aache kupanga nyanya zake ili asikie, naye Nzembi akajibu ndiyo kwa sauti kubwa kuliko ya swali. Mtu alipiga mluzi. Khaemba aligeuka hatimaye, macho mekundu, akasema Mama Hope bado anangoja maji.

Wakayapeleka maji kwanza. Nzembi alisukuma kwa nyuma, viatu vyake vikazama, na walipomaliza walikwenda wote watatu hadi Gatina, wameshikana mikono wawili, wa tatu akiwakosoa mwendo.

Kasiva alikuwa amesimama mlangoni mwa saluni, kitana mkononi, na nyuma yake vichwa vya wateja vilivyosukwa nusu vikichungulia. Alimtazama Amolo kuanzia viatu hadi kola. Akautazama mkono wa mdogo wake uliokuwa ndani ya mkono ule mchafu.

"Nimeambiwa tayari," alisema. "Habari imefika kabla yenu. Kazi umeacha, shule umeacha, na huyu ndio umeleta. Mtakula nini?"

"Tutakula tutakachopata," Nzembi alisema. "Sogea, dada, tupite. Mume wangu anataka maji ya kuoga."